Neno Zoezi Lilivyonikimbiza

Mungu aliyenikalisha kwenye benchi leo atukuzwe! Ndugu zangu, mimi ni Mama Riziki wa Rungwe Mpya. Niitikieni amina haraka, maana miguu yangu haipendi kusimama sehemu moja.

Nilizaliwa kambini Mtabila. Mama alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, baadaye akaolewa na Muha, mwenyeji wa huku, tukabaki. Kambi ilipokuwa inafungwa, kipaza sauti kilitangaza, "Zoezi linaendelea!" Maana yake magari yanapakia watu kurudi Burundi. Mama akanifundisha: ukisikia zoezi, funga mzigo, usiulize. Alinisimulia tukila, alinisimulia tukilala, mpaka hadithi ile ikanikaa mwilini. Leo mimi ni Mtanzania, kitambulisho ninacho, nina mume na shamba la mihogo. Lakini nguo zangu zilikaa kwenye kiroba nyuma ya mlango. Kabati aliloninunulia mume wangu nililifanya banda la kuku!

Ndugu zangu, shetani hahitaji rungu. Neno moja linamtosha!

Masika yaliyopita gari la matangazo likapita. "Zoezi litaanza kesho..." Mengine sikuyasikia. Nilimbeba Riziki mgongoni nikakimbilia bondeni, mvua ikatunyeshea. Mtoto akashikwa na homa, kifua kikakoroma. Niliogopa hata kuwasha moto, wasije wakaona moshi. Mama mkwe akatutafuta, akatupata kwa sauti ya kikohozi.

"Mwana wanje, mwanangu, unamkimbia nani?"

"Zoezi, mama!"

"Zoezi la nini?"

Maisha yangu yote sikuwahi kuuliza la nini!

"La chanjo," akasema. "Wanachanja watoto. Na huyu anakufia mgongoni kwa sababu hukungoja mtu amalize kusema."

Nikaanguka kwenye matope nikalia, "Yesu, izuie miguu yangu!" Ndugu zangu, ikatulia. Sijui niwaelezeje, lakini ilitulia. Tukapanda hadi zahanati, na pale mlangoni muuguzi akapaza sauti, "Akina mama, zoezi linaendelea!" Moyo ukaniruka. Mama mkwe akanishika mkono, nikaingia. Riziki akapata dawa, akapona, na sasa hivi yuko pale nyuma anamaliza karanga za watu.

Sitawadanganya kwamba yamekwisha. Juzi gari limepita tena, na mkono ukashika kiroba kabla sijajua. Nikapiga kelele peke yangu jikoni, "La nini?" Nikatoka nje, nikasikiliza mpaka mwisho. La vyandarua! Nilicheka huku machozi yananitoka.

Na wewe uliyeambiwa tangu utotoni kwamba huna kwenu, au kwamba ukoo wenu umelaaniwa, mpaka leo unaishi hivyo, njoo kwa Yesu umuulize yeye. Mimi alinijibu. Asante Yesu! Ila mkiniona nasimama kabla ibada haijaisha, msinicheke. Nishikeni mkono mniambie, kaa, dada.