Nilivyoliandika Neno “Nilikubali”

Ndugu zangu, mama zangu wa hapa Bulengera, mmezoea kuniona nimekaa pale pembeni na kalamu, ninyi mnasema, mimi nasikiliza. Leo nimeomba nisimame mimi. Najua viti hivi ni vigumu, donc mnivumilie kidogo.

Kazi yangu mnaijua, mimi ni psychologue. Miaka yote hii ya vita nimesikiliza watu walioumizwa. Na tribunal ikiniomba, naandika expertise, karatasi ya kuwaeleza majaji hali ya mtu, kama roho yake imevunjika, kama maneno yake yanaaminika. Majaji wanasoma Kifaransa. Mama analia kwa Kiswahili, mimi naandika kwa Kifaransa. Na nawaambia ukweli, nilikuwa najivunia kile Kifaransa changu. Watu walikuwa wananiita docta. Mimi si docta, na sikumkataza hata mmoja.

Siku moja kule Beni waliniletea mama wa upande wa Oicha, mkulima wa kakao. Jina lake nitaliacha. Mwanaume mwenye bunduki alikuwa amemkuta shambani na watoto wake wawili. Kilichofuata mnakijua, sitakisema mbele ya hawa wadogo mliowabeba. Yule mwanaume alikuwa amekamatwa, na kesi ilikuwa kesho yake. Siku ile nilikuwa na watu watano wa kusikiliza. Mama alisema polepole, anaangalia vidole vyake.

“Aliniambia, ukilalamika naua hawa batoto. Basi nikanyamaza. Nilikubali.”

Neno hilo mnalijua kwetu. Mvua ikikukuta njiani, huna pa kujificha, unakubali, unatembea nayo. Mgonjwa akichoka kupigana tunasema amekubali. Nililijua hivyo tangu mgongoni kwa mama yangu. Mais kalamu yangu ilikuwa imesoma Kisangani, kwa Kifaransa. Vitisho niliviandika, mstari wa tatu. Chini yake nikaandika “elle a consenti”. Kwa majaji maana yake ni kwamba mama alipatana naye, alitaka mwenyewe. Sikumsomea nilichoandika. Nilitia sahihi, nikaita anayefuata.

Kesho yake watu walijaa. Avocat, wakili wa yule mwanaume, hakugusa mstari wa tatu. Alisoma ule wa chini mara mbili, halafu akamgeukia mama kwa Kiswahili.

“Mama, ulisema ‘nilikubali’, ndiyo ao hapana?”

“Ndiyo, nilikubali,” mama akajibu, kwa sababu ndivyo alivyosema, na yeye si mtu wa uongo.

Majirani walisikia. Wazee wa kanisa walisikia. Bwana yake alisikia.

Na mimi, ndugu zangu, nilikuwa pale, benchi ya pili. Ningeweza kusimama niseme, majaji, kosa ni langu, neno hili si hilo. Miguu ilikuwa mizima. Niliona haya, docta mzima aonekane amekosea Kifaransa. Nikabaki nimekaa.

Mwanaume yule aliachiliwa. Bwana ya mama alitangulia nyumbani, akafunga mizigo, akaondoka na watoto wawili. Wale wale ambao mama alinyamaza kwa ajili yao. Na sokoni wakaanza kumwita Mama Nilikubali.

Nilirudi huku kwetu Butembo nikidhani nitasahau. Baada ya wiki chache dada yangu mdogo akaolewa. Pasta akamuuliza, naye akajibu kwa sauti nzuri, “Ninakubali.” Nilitoka mbio na kilemba changu cha sherehe, nikatapikia nyuma ya kanisa. Toka siku ile sikurudi kazini, bureau. Mtu akianza kunieleza shida yake, masikio yanaziba. Karibu mwaka mzima nilikuwa wa kulala na kulia, mama yangu ananiletea bugali kitandani kama mtoto.

Mama yangu ni muuzaji wa maharagi, hakusoma psychologie. Asubuhi moja aliweka sahani chini akaniangalia.

“Weye, unamulilia ule mama, ao unajililia?”

Nilijifunika shuka.

“Kama unamulilia, enda kwake. Kama unajililia, kuja tuchague maharagi.”

Nilienda. Nilipanda moto, pikipiki, mpaka Beni, moto nyingine mpaka Oicha, siku ambayo barabara ilikuwa wazi. Nilimkuta anaanika kakao. Hakuniambia kaa. Nilipiga magoti pale pembeni nikamweleza yote, neno, Kifaransa, na benchi. Aliendelea kugeuza kakao kwa mikono, muda mrefu. Halafu akasema bila kuniangalia.

“Juu ya nini haukuniuliza kama nilitaka? Ungeniuliza vile, ningekujibu.”

Miaka yangu yote ya masomo, hilo swali halikunipitia kichwani. Nililia, yeye hakulia.

“Ilisomwa mbele ya batu,” akasema. “Itaondolewa mbele ya batu.”

Tukaandika upya, kwa Kiswahili, nikimsomea kila sentensi mpaka aseme ni yake. Jumapili, baada ya sadaka, pasta wao akanipa nafasi. Nilisoma. Nikasema kosa si la mama, ni langu, na nilikuwa nimekaa benchi ya pili. Wengine walitoka nje. Ila mama-mkwe wake, mzazi wa yule bwana aliyeondoka, alisimama kutoka mbele, akaenda kukaa karibu naye, akafungua kikwembe chake akamfunika mabega. Pale ndipo mama alipolia.

Nisiwadanganye. Karatasi mpya niliipeleka kwa majaji, mais mwanaume alikuwa amepotea, hakuna anayejua wapi. Bwana hakurudi. Watoto wanaletwa kumwona mara moja moja, na yule mdogo anamwita tantine, kama shangazi tu. Hilo sina karatasi ya kulirudisha, na linaniuma mpaka leo.

Mimi nilirudi kazini. Sasa naandika maneno ya mtu kama alivyoyasema, namsomea, halafu ndipo nakitafuta Kifaransa. Namshukuru mama yangu na maharagi yake. Namshukuru yule mama-mkwe. Na ninyi, mlioniruhusu kukaa na kalamu yangu pale pembeni, hata mlipojua nilikosea. Ukibeba maneno ya mwenzako, mrudishie ayaone kabla hujayafikisha.

Kabla ya kuja hapa nilimpigia simu. Nikamuuliza, “Mama, unakubali niieleze habari yako?” Nikamsikia anacheka kidogo.

“Uliza muzuri.”

Nikauliza tena. “Mama, unataka?”

“Ninataka. Useme yote. Na ile benchi, useme.”

Wasingya, asante, mama. Nimeisema.