Mzee Kamili na Sekunde Arobaini

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuwaamsha watu bila idhini yao, mtangazaji wetu wa alfajiri, ambaye wote tunamwita Mzee Kamili, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 28. Wapenda usingizi wanaweza kumshukuru Mungu.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Alilipata kwa kutangaza saa moja kamili kila asubuhi kwa sauti ya hakimu anayesoma hukumu. Siku betri ya saa ya studio ilipoisha, alipiga wimbo uleule mara tatu mfululizo hadi betri nyingine ikapatikana. Kukisia saa, alisema, ni uongo uliovaa tai. Sisi tunaofika kazini saa mbili na visingizio tulijifunza kupita mlango wa nyuma.

Kisha redio yetu ikaingia mtandaoni. Mwezi wa kwanza tulipata wasikilizaji kumi na mmoja, saba wakiwa ni sisi wenyewe tukijaribu kama inafanya kazi. Leo wanaotusikiliza kwa simu wamewapita wa antena: vinyozi, madereva, hata watu walio ng'ambo. Mzee alifurahi, mpaka mshonaji mmoja alipopiga simu. Rafuni alikuwa na redio ya zamani, na mezani simu aliyoitumbukiza kikombeni ili isikike zaidi. Redio ilisema saa moja kamili. Sekunde arobaini baadaye, kikombe nacho kikasema vivyo hivyo. Alitaka kujua yupi kati yao ndiye mwongo.

Fundi mitambo alieleza kwamba mtandao huchelewa kidogo, na dawa hana. Mzee aliumia kweli. Aliandika barua: ama saa isitangazwe mtandaoni, ama yeye aondoke miaka miwili kabla ya wakati wake. Mkuu wa kituo alimbembeleza wee, akagonga mwamba.

Aliyemweza ni bintiye, muuguzi katika nchi ya mbali, ambaye kabla ya mtandao alikaa miaka tisa bila kumsikia babake redioni. Ujumbe wake tuliusoma idara nzima, kwa kuwa Mzee aliufungua kwenye kompyuta ya ofisi: “Baba, ukisema saa moja asubuhi, huku bado ni jana usiku. Saa yako kwangu haijawahi kuwa sahihi hata siku moja. Mimi nasikiliza nijue kama umeamka salama. Usiondoke.”

Barua ikachanwa. Machozi yale, Mzee alidai, yaliletwa na vumbi, ingawa ofisi ilikuwa imetoka kupigwa deki.

Bintiye ametua juzi. Ijumaa tumemwekea kiti kando ya maikrofoni. Ataisikia saa moja kutoka mdomoni mwa babake, kabla ya antena, kabla ya mtandao, kabla yetu sote.

Asante, Mzee wetu. Tunakutakia afya tele, na asubuhi nyingi za kuamka bila kuulizwa saa na mtu yeyote.