Mzee Bahasha na Wodi ya Wazazi

Baba yetu, ambaye wengi mlimwita Mzee Bahasha, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1952, mtoto wa nne wa fundi viatu. Alisoma mpaka darasa la nane, kisha akajifunza kupiga chapa.

Tarehe 2 Januari 1974 aliajiriwa kuwa karani wa masjala katika ofisi ya jimbo, kile chumba cha mwisho chenye dirisha moja. Kila barua iliyoingia aliibana kwa pini pamoja na bahasha yake. Bosi alimtania, "Mzee, hizo bahasha utazioa?" Akajibu, "Nimeshaoa, bosi. Huyu ni mke mdogo." Mama, aliyefunga naye ndoa tarehe 17 Julai 1976, alipopata habari alisema tu, "Mke mwenzangu gani hata kupika hajui?"

Mwaka 2009 wizara ilitaka kufunga wodi yetu ya wazazi, kina mama wawe wanasafiri saa nne hadi hospitali kuu. Sheria ya Jumuiya ya nchi zetu ilisema jimbo liulizwe kwanza, nalo lijibu ndani ya siku tisini. Barua ya Jumuiya ya kutuuliza ilipitia wizarani, kama ilivyokuwa kawaida. Ilipotufikia, siku zilikuwa zimekwisha. Wizara ikasema jimbo limenyamaza, basi limekubali.

Baba akatoa bahasha ya barua ile. Nyuma yake palikuwa na mihuri miwili ya wizara: imeingia tarehe 3 Juni, imetoka tarehe 7 Septemba. Bosi aliigeuza mara mbili, akasema, "Leo mke mdogo kapika."

Jumuiya ilipoiona, iliamuru siku zihesabiwe upya, na barua za majimbo ziwe zinakwenda moja kwa moja majimboni. Waziri alilalamika redioni kwamba Jumuiya inaingilia mambo ya ndani. Baba akapunguza sauti ya redio. "Ya ndani ya nani? Wanaojifungua si binti zetu?" Jimbo lilijibu, likakataa. Wodi ikabaki. Wanangu wawili walizaliwa humo.

Alistaafu mwaka 2012. Figo zilianza kumsumbua Machi mwaka jana. Tunawashukuru sana wauguzi wa hospitali yetu alikolazwa, hawakuchoka naye. Wodi ya wanaume inatazamana na ya wazazi, na asubuhi ya tarehe 11 mwezi huu vichanga walilia mfululizo. Muuguzi alitaka kufunga mlango, Baba akamwambia, "Acha wazi, binti. Hao ni wangu." Saa nne akatutoka.

Ameacha mjane, watoto watano na wajukuu kumi na mmoja, saba kati yao wa wodi ile.

Pumzika kwa amani, Baba. Mlango tumeuacha wazi.