Swali la Pambizoni

Tarehe thelathini ya mwezi huu Dada Mafuta, muuguzi wa kliniki ya ngozi, anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja, yote katika chumba namba sita, kile chenye dirisha lisilofungika na bomba linalovuja. Ofisi ya utawala imeniomba mimi, karani wa kadi za wagonjwa, niandike maneno machache ya furaha kwa ajili ya kijitabu cha sherehe. Machache nitaandika. Furaha tutaitafuta njiani.

Jina hilo alipewa na wagonjwa. Kila aliyeingia kwake na chunusi alitoka na somo la tezi za mafuta, apende asipende. Aliwaeleza kwamba mtu akibalehe, awe wa kiume au wa kike, mwili huongeza homoni zile tunazoziita za kiume, ingawa wanawake nao wanazo. Homoni hizo huziamsha tezi zilizo ndani ya ngozi, zikanenepa na kutoa mafuta kuliko yanayohitajika. Mafuta yakikutana na ngozi iliyokufa, vitundu huziba, vijidudu hushamiri, na uso huvimba. Hapo ndipo alipomalizia kwa kauli yake kwamba sabuni inaosha kizingiti, jikoni haifiki.

Bwana harusi mmoja alikuja uso umebabuka, kwa kuwa shangazi zake walikuwa wakimsugua kwa ndimu kila jioni ili atakate kabla ya siku yenyewe. Dada Mafuta aliagiza shangazi waletwe. Wakaja watatu, wakakalishwa kwenye benchi wakasomeshwa saa nzima, na mkubwa wao akaondoka akiomba dawa ya chunusi zake mwenyewe.

Lakini hakuzaliwa akiyajua hayo. Lifuatalo ameniruhusu niliseme, na utawala ungependa nisiliseme.

Mwaka wake wa pili kazini alimleta kliniki mdogo wake wa kike, binti wa miaka kumi na tisa, mwenye chunusi nene tayani na kidevuni. Dada mtu, muuguzi kijana wakati huo, aliyajaza maswali ya kadi kama yalivyokuwa: unanawa uso mara ngapi kwa siku, unakula vya kukaanga. Akampa sabuni. Nyumbani, kila Jumamosi, alimsugua uso kwa dodoki, na binti akilia kwamba anaumia aliambiwa ni mvivu wa kuoga. Ilikuwa hivyo miaka minne. Hedhi ya binti ilikuwa ikija mara moja kwa miezi mitatu au minne, na nywele za kidevu alikuwa akizing'oa kwa siri. Hakusema, kwa sababu mambo hayo hayasemwi mpaka mtu aulizwe.

Akaolewa. Miaka sita hakupata mtoto, ndugu wa mume wakasema waliyoyasema, akarudi nyumbani na sanduku lake. Ndipo daktari wa hospitali nyingine alipomuuliza habari za hedhi, akampima, akakuta homoni zimevurugika tangu ujanani. Lilikuwa jambo la kutibika, na uso wake ulikuwa umelitangaza muda wote huo. Siku hiyo binti alimwambia muuguzi wetu neno moja tu: "Dada, mbona hukuniuliza?"

Tangu hapo Dada Mafuta aliandika kwa kalamu ya bluu, pambizoni mwa kadi ya kila msichana na kila mwanamke mwenye chunusi: Hedhi yako ikoje? Wengi walijibu iko sawa, wakapewa dawa ya kupaka wakaenda zao. Wachache walisema haiji kila mwezi. Kwa miaka ishirini, wanawake mia mbili na kumi na wawili waliandikiwa waende kwa daktari wa wanawake kutokana na swali lile. Hesabu hiyo ni yangu, maana kadi nazipanga mimi.

Mara tatu aliomba swali lichapishwe ndani ya kadi. Mara mbili alijibiwa kwamba hakuna nafasi, ilhali nembo ya hospitali imo mara mbili na maneno "Tunakujali" yamo mbele na nyuma. Mara ya tatu lilifika kwenye kikao. Mkuu wa kitengo akasema swali la namna hiyo litawaaibisha wagonjwa, na wote wakaona heri kufunika kombe mwanaharamu apite. Mimi, mwanamke mwenye binti, nilikuwa mwandishi wa kikao. Sikufungua mdomo. Niliandika "halikupitishwa" kwa mwandiko mzuri, kisha nikaipeleka kadi mpya kwa mchapaji kwa mikono yangu. Zimechapwa elfu nne. Najionea haya, na kijitabu hiki hakitanisafisha.

Katika sherehe, utawala utamkabidhi zawadi ya heshima. Nimeiona stoo, imefungwa kwa utepe. Ni kapu la sabuni za uso.

Yuko likizo ya mwisho wiki ya tatu sasa. Kadi ishirini na sita za chunusi zimepita mikononi mwangu tangu aondoke, na pambizo zote ni nyeupe. Ya jana ni ya msichana wa miaka kumi na tisa. Chunusi tayani na kidevuni. Ushauri: anawe mara tatu kwa siku, aache vya kukaanga.

Dada Mafuta, asante kwa mia mbili na kumi na wawili, na kwa wale shangazi watatu. Mdogo wako atakaa nawe safu ya mbele siku ya sherehe, na naomba yeyote atakayemsalimia asimsifie jinsi uso ulivyotakata. Tunakutakia mapumziko yenye afya na usingizi usio na deni la moyo. Kalamu yako ya bluu iko palepale ulipoiacha, droo ya juu, na bado ina wino.