Mashine Mapajani kwa Severina

Hii hutaamini, lakini ilitokea kweli, kwenye basi la kutoka Masasi. Severina wa Chilangala alikuwa anairudisha hospitali Ndanda mashine ya mumewe ya kulalia, ile ya kumpulizia hewa usiku, maana amechoka kukesha akimsikilizia.

"Anakoroma, halafu pumzi inakata kabisa," alimwambia mzee Awadhi aliyekaa naye siti moja. "Daktari kasema moyo unaumia. Kuivaa hataki, mzee wangu. Eti inaziba uso kama kinyago cha mapiko cha wacheza ngoma, na aliyevaa mapiko mkewe hatakiwi kumjua."

Awadhi akacheka. "Ana haki huyo. Mwanaume anayekoroma ameshiba, mwanangu."

"Basi wangu ameshiba mno."

Hawajafika mbali, mzee akasinzia, akakoroma, halafu kimya. Severina akamsukuma kwa kiwiko bila hata kufikiri, kama anavyofanya nyumbani. Mzee akavuta pumzi kwa kishindo, akaendelea kulala. Kimya tena. Akamsukuma tena.

"Ndanda, wa kushuka," konda akaita, basi likasimama. Severina akaiangalia mashine mapajani, akamwangalia mzee, ambaye alikuwa anaendelea hadi Mtwara peke yake. Ungekuwa wewe, ungeshuka?