Kamba ya Sista Fabiola

Baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi, Sista Fabiola Tluway, muuguzi mkunga na mtaalamu wetu wa utrasaundi, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Siku hiyo ni Jumatatu. Jumanne wajawazito watapanga foleni kama kawaida, na kwenye stuli yake ya kuzunguka atakuwa amekaa mtu mwingine. Mtu huyo ni mimi, Agatha, niliyefundishwa naye kazi, na nakiri kwamba nimeanza kumkumbuka hata kabla hajaondoka.

Alianza mwaka 1989 katika zahanati moja ya Yaeda Chini, enzi ambazo mtoto wa tumboni alisikilizwa kwa faneli ya bati iliyobanwa sikioni. Kufika huko wakati wa masika kulihitaji maombi. Aliwahi kuingia kazini na kiatu kimoja, kingine kimebaki kwenye tope, akazalisha mapacha hivyohivyo. Mwaka 2004 alirudi darasani kusomea utrasaundi, kisha akahamia hospitali yetu hapa Hanang.

Waliopita chumbani kwake wanamjua kwa mambo mawili. Kwanza, chupa ya jeli ya kupaka tumboni hukaa kwenye bakuli la maji ya moto, maana baridi ya Julai haina haja ya kumfikia mtoto. Pili, mtoto akiinua mkono kwenye kioo, yeye huitikia, "Marahaba!" Hakuna mdogo anayempita bila shikamoo, hata aliyebakiza miezi minne kuzaliwa. Sisi watumishi tuliowahi kujisahau asubuhi tunajua yaliyotupata.

Lakini kazi iliyomtoa jasho ni kupima mgongo wa mtoto tumboni. Mwanzoni mwa 2016 alikuja Doris, mke wa Gidamis wa Basotu, mimba ya miezi mitano. Mimba iliyotangulia aliipoteza nyumbani, na yeye mwenyewe akaponea chupuchupu, kwa hiyo safari hii ilikuwa lazima ajifungulie hospitali. Mashine ya wakati huo ilitoa picha bapa. Mtoto alikuwa amejikunja. Sista akavuta mstari ulionyooka kutoka shingoni hadi kiunoni, akaandika kwamba mgongo ni mfupi kuliko umri wa mimba. Doris aliondoka na karatasi hiyo, na kliniki iliyofuata hakuja.

Wiki tano baadaye tukapokea mashine ya 3D. Hiyo hukusanya picha za pande zote, halafu unaugeuza mgongo wa mtoto kwenye kioo kama unavyogeuza muhindi jikoni, pingili kwa pingili, ukipima kwa kufuata mkunjo. Siku ya kwanza ya mafunzo Sista alielewa kwamba huenda mtoto wa Doris hakuwa na tatizo lolote. Yeye, kwa mstari wake ulionyooka, ndiye aliyepita njia ya mkato.

Kesho yake alipanda pikipiki hadi Basotu. Mama mkwe wa Doris alimpokea kwa chai ya maziwa na uso mkavu. Kwa bibi huyo, mtu hupimwa mara moja tu, kwa kijiti, wanaume wanapokwenda kuchimba kaburi. Sisi tulikuwa tumempima mjukuu wake hata hajazaliwa, tukasema amepungua. "Mmeshampima," alisema. "Mnataka nini tena?"

Sista hakubishana. Aliomba radhi, akasema mwenye kosa ni yeye. Kisha akaomba kipande cha kamba ya katani ya kufungia ndama, akamwomba bibi ampime yeye mgongo, shingoni hadi kiunoni, na afunge fundo. Kama kupimwa ni kufa, wangesikia habari zake. Wasiposikia, wamlete Doris.

Wiki nzima alichungulia getini kila gari lilipopunguza mwendo. Hata ugali aliuacha, na ninyi mnamjua Sista na ugali. Siku ya nane Doris akafika, nyuma yake mama mkwe na kamba mkononi. Bibi alimtazama Sista juu hadi chini, akaridhika kwamba ni mzima, akaiweka kamba mezani. Tulipopima kwa kufuata mkunjo, mgongo wa mtoto ulikuwa sawasawa na umri wake. Joseph alizaliwa hapahapa. Leo yuko darasa la tatu, na mwaka jana alivunja dirisha la kanisa kwa mpira.

Tangu hapo kamba ile hutundikwa kwenye msumari kando ya mashine. Mama yeyote aliyesita, awe wa Hirbadaw au wa kwingine, alimpima Sista kwanza. Wamempima mara ngapi, Mungu ndiye ajuaye. Si kila picha ilileta habari njema. Mama aliyeambiwa kwamba mtoto ana mgongo wazi, Sista alikaa naye mpaka machozi yakauke, ndipo akaandika rufaa.

Ijumaa iliyopita, kwenye chai ya kumuaga, niliitoa kamba msumarini nikampima. Miaka ya kuinamia matumbo ya watu imempinda. Niliivuta kamba ikanyooka, na fundo likazidi kiuno kwa vidole vitatu. Niliumia moyo. Nikaona kazi hii imemla dada yetu. Yeye akacheka, akasema nimehitimu mafunzo yote na bado napita njia ya mkato. Nikarudia taratibu, nikiilaza kamba juu ya mkunjo wote. Fundo likatua palepale alipolifunga bibi wa Basotu. Hajapungua hata kidole.

Asante kwa yote, Sista. Nenda salama nyumbani Dongobesh, mumeo Mzee Emanuel anakusubiri na shamba la vitunguu saumu. Mungu akupe miaka mingi ya kukaa bila kuinama. Kamba umetuachia, na Jumanne, mama wa kwanza atakayesita, nitamwomba anipime mimi.