Zénon Barankenyereye, Aliyeuliza: Nani Alikuwa Anakubeba?

Ndugu, majirani na wanaparokia, tumekusanyika kumsindikiza kaka yetu Zénon Barankenyereye. Alizaliwa tarehe 9 Mei 1947 huko Bukeye, mkoa wa Muramvya, mtoto wa Ntibanyiha na Inankuyo. Kitambulisho chake kiliandika "karibu 1950", na kwa miaka mingi aliamini hivyo. Alipokuwa mtu mzima alirudi misheni alikobatizwa, akaomba kitabu cha ubatizo, akaona siku yake. Alirudi Bujumbura akicheka kwamba amezeeka miaka mitatu kwa safari moja.

Alisoma shule ya msingi hapohapo misheni na kumaliza mwaka 1961. Walimu walimpenda kwa mwandiko wake. Mwaka 1968 alishuka Bujumbura, akapata kazi katika ghala la vitambaa, Zone Industrielle, eneo la viwanda. Mwaka 1981 padri wetu alimwita awe katibu wa parokia, hapa Bwiza. Kazi hiyo aliifanya mpaka nguvu zilipomwisha.

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na Daphrose. Kabla ya kukubaliwa, Zénon alimuuliza baba mkwe habari za babu zake, na babu wa babu zake, na kilima walikotoka, yaani kijiji chao. Mzee akachoka.

"Weye kijana, umekuya kuoa ao kulipisha kodi?"

"Mi natafuta kujua kama hatuna undugu, muzee."

"Na kama iko? Ile bia yako tumekwisha kunywa!"

Undugu haukuwepo. Mungu aliwapa watoto watano.

Kwetu Burundi kila mtoto ana jina lake, hata wanaotoka tumbo moja. Kwa hiyo anayetafuta ndugu kwa kufuata jina la baba hafiki mbali. Zénon alijua hivyo, na watu walikuja ofisini kwake kutoka Kinama, Carama, hata Kinanira, wengine wakitafuta cheti, wengine wakitafuta mtu. Alianza na mama wa ubatizo, kwa sababu mara nyingi huyo ni jirani au shangazi na anakumbuka. Kisha aliangalia pembeni mwa ukurasa wa kitabu cha ubatizo, mahali wanapoandika ndoa iliyofungwa parokia nyingine. Alikwenda pia makaburini kusoma misalaba. Mtoto mdogo hakumuuliza baba yake anaitwa nani, maana mtoto atajibu tu "Papa". Alimuuliza: "Nani alikuwa anakubeba mgongoni?"

Mwezi wa tatu mwaka 1995 mtaa wetu uliposhambuliwa na watu wakakimbia, Zénon alifunga vitabu vya parokia ndani ya magunia ya unga, akaviweka kwenye mkokoteni. Daphrose akamwambia: "Sasa Zénon, watoto watalalia ubatizo?" Godoro likabaki, vitabu vikaenda Carama.

Siku hizohizo dada yetu Spès alikimbia kuelekea Uvira na watoto wake. Karibu na Gatumba watu walisukumana, na binti yake Danielle, mwenye miaka minne, akapotea. Jina lake la Kirundi ni Nyandwi, kwa sababu ni mtoto wa saba. Spès alirudi mwaka 1996 bila yeye. Hakula vizuri tena. Zénon alimwahidi mbele yetu kwamba atamtafuta mtoto mpaka ajue yuko wapi, mzima au marehemu.

Kila aliyesikia habari hiyo alimletea Nyandwi. Nchi nzima watoto wa saba wanaitwa Nyandwi! Zénon aliwapokea wote, akawauliza nani alikuwa anawabeba, akawasaidia kupata watu wao. Danielle hakuwa kati yao. Barabara zilipofunguka kidogo alizunguka parokia moja baada ya nyingine akitafuta watoto waliobatizwa kwa sharti, kwa maneno "kama hujabatizwa", yaani wale waliookotwa bila habari zao. Hakumpata. Upande wa Waislamu hakuuliza kamwe. Alifikiri kwamba kama wamemchukua, jina lake wamekwisha kulibadilisha na hakuna alama iliyobaki. Hapo alikosea, na yeye mwenyewe alipenda kulisimulia kosa hilo.

Mwezi wa pili mwaka 2003 alikuja ofisini mzee Hamissi, mshonaji wa Buyenzi, na msichana aliyevaa mtandio. Walikuwa wamerudi kutoka Uvira mwaka uliotangulia. Msichana alitakiwa kuandikishwa kwa mtihani wa darasa la sita, na hakuwa na cheti cha kuzaliwa.

"Kwa nini usimwandikishe kama wako?" Zénon akamuuliza.

"Apana, katibu. Huyu nilimuokota Gatumba. Kwa dini yetu mutoto wa kulea haitwi kwa jina la mulezi. Baba yake iko, ata kama sisi hatumujui. Bibi yangu Nafisa anamwita Dalia, lakini madrasa wamemwandika na jina alikuya nalo."

"Jina gani?"

"Nyandwi."

Zénon alivua miwani. Akamgeukia msichana. "Mwanangu, nani alikuwa anakubeba mgongoni?"

"Chanelle," akasema. "Alikuwa ananifinya."

Chanelle ni binti wa Spès, na mpaka leo anakataa habari ya kufinya. Zénon alifungua kitabu alichokiokoa, akamwonyesha Hamissi ubatizo wa tarehe 2 Juni 1991: Danielle Nyandwi, mama yake Spès, kwa mwandiko wa Zénon mwenyewe. Kwa ukurasa huo mtoto alipata cheti, akafanya mtihani, akafaulu. Siku alipomwona tena mtoto wake, Spès alikula sahani nzima. Danielle hula Krismasi kwetu na Idi Buyenzi, na huitikia Danielle na Dalia pia.

Tangu mwaka 2003 kaka yetu aliugua sukari, kisha figo. Alivumilia, na hata kitandani aliwauliza wagonjwa wenzake wanatoka kilima gani. Alifariki hospitalini Alhamisi tarehe 17 Februari 2005, saa kumi na moja alfajiri, Daphrose akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane wake Daphrose. Watoto wao watano, mkubwa akiwa Jimmy. Dada yake Spès. Mdogo wake Rénovat anayesoma maneno haya. Wajukuu, na wapwa zake, akiwemo Danielle. Kwa agizo lake mwenyewe, Hamissi na mke wake Nafisa wameketi leo benchi la mbele, pamoja na familia.

Aliagiza pia msalaba wake uandikwe jina lake, majina ya baba na mama, kilima, na siku ya kweli ya kuzaliwa, ili atakayemtafuta asichoke. Danielle ameyaandika maneno hayo kwa mkono wake, na ndiye atakayeubeba msalaba mbele yetu.

Zénon, uliwafikisha wengi kwa watu wao. Mungu akupumzishe kati ya wako.